Kiwiko cha Kamanda

Waraka wa idara unatamka, katika aya ya tatu, kwamba hakuna mhudumiwa yeyote atakayeondolewa kwenye huduma kabla hajafikia hali ya kujitegemea. Aya ya nne inaongeza kwamba kila mhudumiwa ataondolewa kwenye huduma siku anapotimiza miaka kumi na minane. Walioandika hawakuona ugomvi kati ya aya hizo mbili, na kwa kweli ugomvi haupo, mradi kila mtoto awe amejitegemea kabla ya siku hiyo. Waraka umebandikwa kwenye mlango wa chumba namba tisa, juu sana, kwa sababu ulipobandikwa chini mara ya kwanza mhudumiwa mmoja aliutafuna.

Chumba namba tisa kilikuwa stoo ya magodoro kabla ya kupewa hadhi ya chumba cha tiba kwa vitendo, na siku za mvua magodoro bado yalinukia humo. Kulikuwa na bembea iliyofungwa kwenye nondo ya dari, mpira mkubwa wenye viraka viwili, beseni la maharage makavu la kuzamisha mikono, viti vinne vifupi, na ukuta mzima wa picha zilizochorwa kwa mkono: fungua bomba, paka sabuni, sugua, suuza, funga bomba. Mwenye chumba alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, mfupi, wa sauti ya chini, mwenye mabega ya mtu aliyebeba watoto wa watu maisha yake yote, wengi wao wakimpiga mateke. Cheo chake kwenye orodha ya watumishi kilijaza mstari mmoja na nusu. Watu walimwita Mama Vifungo.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuiheshimu. Wako watoto wenye usonji ambao mlio wa feni kwao ni mashine ya kusaga, na lebo ya shati shingoni ni msumari. Kwao kuvaa, kula kwa kijiko na kupiga mswaki si mambo yanayokuja yenyewe kama meno. Lazima yafundishwe, kipande kwa kipande, kwa miezi, kwa miaka. Vyumba vingine kwenye ujia ule vilikuwa na sindano na darubini. Chumba namba tisa kilikuwa na mpira. Mfamasia, kila akipita, aliuliza leo wamecheza mchezo gani, naye Mama Vifungo alimjibu, bila kuinua macho, kwamba leo walicheza na soksi, na wamefungwa mbili bila.

Kamanda aliletwa na bibi yake akiwa na miaka saba. Mama yake alikwisha kufariki. Baba yake alikwenda kutafuta kazi, na inaelekea bado anaitafuta. Siku ya kwanza mtoto hakuingia ndani. Alikaa mlangoni akapanga viatu vyote vya waliokuwemo kwa ukubwa, ncha zikitazama nje, kisha akasimama kando ya mstari wake akilinda. Mfamasia, ambaye viatu vyake navyo vilikuwa kwenye gwaride hilo, alikwenda kutoa dawa na soksi tu miguuni. Jina likaanzia hapo.

Mwaka mzima wa kwanza Kamanda aliishia mlangoni. Wa pili aliingia, akaketi kwenye bembea, amekipa chumba mgongo. Wa tatu alikubali shati, baada ya lebo kukatwa na ukosi kufuliwa mara ishirini hadi ukalegea. Ndipo vifungo vilipoanza. Wajenzi huanza na msingi. Mama Vifungo alianza na paa. Alisimama nyuma ya mtoto, mikono yake ikipita juu ya mabega yake, akafunga vifungo vitano na kumwachia cha mwisho, ili kila zoezi liishie kwenye ushindi. Alipokimudu hicho alimwachia viwili. Kwa vifungo sita, miaka minne. Hakuna aliyewapigia makofi isipokuwa bibi, ambaye siku ya kifungo cha sita alimletea Mama Vifungo sabuni ya kuogea iliyofungwa kwenye karatasi, akasema hana cha maana zaidi.

Chuoni, Mama Vifungo alifundishwa na mwalimu mmoja mchoyo wa alama aliyekuwa na msemo wake: mkono wa mtabibu ni jukwaa la fundi, usipoliondoa, hutajua kama ukuta umesimama au umeegemea. Mama Vifungo aliwaambia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo maneno hayo kila mwaka. Yeye mwenyewe aliyajua vizuri mno kiasi kwamba hakuwa na haja tena ya kuyafikiria.

Jambo moja tu halikukaa sawa, na bibi ndiye aliyelisema, kwa woga, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani bila risiti.

"Huku kwako anafunga, mwanangu," alisema. "Nyumbani anasimama tu."

Mama Vifungo alikuwa amesikia hivyo kutoka kwa bibi wengi. Aliwapenda, lakini aliwajua: wana haraka asubuhi, wana huruma, wanavalisha.

"Bibi, unamdekeza," alisema. "Akisimama, mwache asimame. Atachoka, atafunga mwenyewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Hakulileta tena jambo hilo kwa miaka mitatu.

Miaka kumi na minane ilikuja kama inavyokuja. Kamanda alikuwa mrefu kuliko mlango, ndevu zinaota, na bado hakusema zaidi ya maneno matano kwa siku. Ng'ambo ya mtaa kulikuwa na karakana ya kutengeneza brashi, yenye nafasi ishirini na nne za vijana kama yeye, na nyuma ya karakana palikuwa na bweni. Bibi aliitaka karakana kwa heshima, lakini lile bweni alilitaka kwa moyo wote. Alikuwa na miaka sabini na sita na magoti yaliyokwisha kustaafu, na swali lake lilikuwa moja, la kila mama aliyewahi kukaa kwenye benchi la ujia ule: siku nikiondoka, huyu atalala wapi. Karakana ilipokea wenye cheti cha kujitegemea tu. Cheti kilitolewa baada ya tathmini. Tathmini ilikuwa na mistari kumi na miwili, na mstari wa saba ulisema: *anavaa nguo yenye vifungo bila msaada.*

Siku ya tathmini mkuu wa kitengo alikuja mwenyewe kuwa shahidi. Alikuwa mtu nadhifu, wa kalamu mbili mfukoni, na aliketi mahali panapofaa shahidi kuketi, yaani mbele, saa mkononi, macho kwenye kifua cha kijana. Mama Vifungo alisimama mahali pake pa siku zote. Kamanda alivaa shati la buluu, akasawazisha ukosi, akafunga vifungo sita, kimoja baada ya kingine, bila kukosea tundu. Dakika moja na sekunde hamsini. Mkuu aliandika *bila msaada*, Mama Vifungo akatia sahihi chini yake, na hapakuwa na mdanganyifu yeyote chumbani mle.

Bibi alipoambiwa, aliziba uso kwa viganja vyote viwili, akasema basi sasa anaweza kufa. Mama Vifungo alimwomba asife kwanza, kuna karatasi tatu za kusaini.

Wiki ya tatu tangu kijana ahamie karakana, bibi alirudi chumba namba tisa, peke yake. Aliketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakifika kidevuni, akatoa barua. Ilisema kijana amerudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu.

Mama Vifungo hakula mchana huo. Alivuka barabara na koti lake la kazi mwilini. Msimamizi wa karakana alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye nyuzi za brashi nyweleni, na jambo la kwanza alilolisema lilikuwa sifa. Hajapata kuona mikono kama ile. Unamwagia rundo la nyuzi, ndefu na fupi zimechanganyika, anazitenga kama mashine, na wala hakuangalii. Tatizo ni kabla ya hapo. Kila mfanyakazi huvaa koti la kazi, la vifungo sita, kwa usalama, kwa sababu nguo inayopepea ilikwisha kuingia kwenye mashine ya kukatia. Kijana analitwaa koti kwenye msumari, analivaa, halafu anasimama. Saa nne amesimama. Saa sita amesimama. Wenzake walianza kumtundikia kofia zao.

"Nilimwonyesha, nikambembeleza, mwisho nikamfokea, Mungu anisamehe," alisema msimamizi. "Lakini cheti chako kinasema anaweza, mama. Mtu akiwa hawezi, namsaidia, hiyo ndiyo kazi yangu. Anayeweza na hafanyi, mimi nimwite nani?"

Mama Vifungo alitazama sahihi yake kwenye nakala ya cheti. Ilikuwa sahihi nzuri, yenye mkia. Aliuliza kama kijana angeweza kupewa koti la aina nyingine, la kuvaliwa kichwani. Msimamizi alifikiri, akasema mbona ingewezekana kabisa, angelishonesha hata siku ile ya kwanza, kama kuna mtu angemwambia. Ila nafasi imejazwa asubuhi ya leo. Aliyefuata kwenye orodha ameshahamia bwenini.

Jioni ile, mapema, jua lingalipo, Mama Vifungo alikwenda kwa bibi. Bibi na mjukuu walikaa chumba kimoja, vitanda viwili, jiko upande wa dirisha, viatu jozi nne ukutani vikitazama nje. Kamanda alimwona, akaenda kusogeza viatu vyake mwenyewe ili vya mgeni vipate nafasi yao kwenye mstari. Kwa viwango vyake, huko kulikuwa kukumbatia.

Mgeni alimwomba avae shati. Chumba kilikuwa chembamba, kitanda kiliziba njia, na kwa sababu hiyo tu, si kwa ujuzi wala hekima, Mama Vifungo alijikuta amesimama mbele ya kijana badala ya nyuma yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vifungo vianze, miaka tisa.

Kamanda alivaa. Alisawazisha ukosi. Alishika pindo zote mbili akazivuta zikalingana. Kisha akatulia, na kiwiko chake cha kulia kikaachana na mbavu, kidogo tu, kama mkono wa kikombe, kikabaki hapo. Hakuwa na kiburi usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliye kwenye foleni.

Mama Vifungo alitazama kile kiwiko kwa muda. Mkono wake wa kulia, uliokuwa umening'inia kando, ulikwisha kunyooka bila kuambiwa: vidole viwili mbele, kiganja juu. Aliutazama nao pia, kama mtu anayemkuta ndugu yake kwenye kosa. Mtoto wa miaka tisa ana mkono mfupi. Ukimnyanyulia kiwiko kidogo, kidole kinafika kwenye tundu. Ulikuwa msaada. Mkono ulirefuka, msaada ukawa ishara, ishara ikawa mazoea, na mazoea yana taabu. Kabla ya kila kifungo, mara sita kwa kila shati, vidole viwili vilikwenda chini ya kiwiko, kwa nyuma, mahali ambapo yeye hakuangalia na shahidi hakuona. Kwa Mama Vifungo haukuwa msaada tena. Kwa Kamanda lilikuwa zoezi lenyewe: shati, ukosi, pindo, vidole, kifungo. Alifundishwa hivyo. Alikuwa mwanafunzi mwaminifu kuliko mwalimu.

Kamanda alichoka kungoja. Alipiga hatua moja, akamshika Mama Vifungo kwenye kifundo cha mkono, kama fundi anavyotwaa nyundo ukutani, akageuka na kumpa mgongo, akauweka ule mkono chini ya kiwiko chake. Akafunga vifungo sita. Hakukosea tundu hata moja.

"Kumbe," alisema bibi kutoka kitandani.

Maji ya chai yalikuwa yakichemka jikoni.

"Siku ile uliyoniambia nimwache, nilimwacha," bibi alisema. "Alisimama toka alfajiri mpaka saa nane mchana. Hajanywa hata chai. Miguu ikavimba. Nikasema, mwalimu anajua."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Niliona haya. Si ulisema ni mimi ninayemharibu."

Mama Vifungo alikuwa na maneno mengi ya kitaalamu kwa hali kama ile, baadhi yake aliyafundisha wengine. Aliyaacha yote. Alisema lilikuwa kosa lake, bibi akasema si kitu, na chai ikamiminwa.

Asubuhi alikuwa kwa mkuu wa kitengo kabla mkuu hajavua kofia. Aliomba faili lifunguliwe. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, hata akafunga mlango. Kisha akaeleza. Kijana ametimiza kumi na minane. Hilo lingeweza kuombewa nyongeza, kama angekuwa hajajitegemea. Lakini amejitegemea, kuna cheti. Aliyejitegemea hawezi kurudishwa kabla ya kuacha kujitegemea, na fomu ya kuacha kujitegemea haipo. Aliitafuta mbele yake, kwa haki, kwenye droo zote mbili. Mama Vifungo aliandika barua kwamba tathmini ilikuwa na kasoro na kasoro ni yeye. Barua ilijibiwa baada ya siku kumi: idara inamshukuru kwa uaminifu wake na inamkumbusha kwamba tathmini ilishuhudiwa.

Hakungoja hizo siku kumi. Kesho yake, kabla ya kazi, alikuwa nyumbani kwa bibi, na kesho kutwa, na kila asubuhi. Kwanza alijaribu njia fupi, kumfundisha bibi kushika kiwiko. Kamanda aliuondoa mkono wa bibi kwa upole, akaurudisha mapajani pake. Ule mkono kwake ulikuwa na kazi zake nyingine, wa chai na wa kupoza homa, na mambo hayakuchanganywa. Ikabaki njia ndefu, kuupunguza mkono wake mwenyewe kidogo kidogo. Siku ya kwanza kiganja. Siku ya nne vidole viwili. Siku ya tisa kidole kimoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakusema kama kinafunga shati, lakini kilifunga. Siku ya kumi na tatu aligusa kitambaa tu, si ngozi. Kamanda aligeuza kichwa, akautazama mkono wa Mama Vifungo, akamtazama yeye, kisha akafunga. Mume wa Mama Vifungo, aliyezoea kupikiwa uji, alisema huyo kijana sasa amekuwa mke mwenza. Mama Vifungo alicheka, akatoka bila kuupika.

Kwa hesabu yake alihitaji miezi minne. Alipata siku kumi na tisa. Siku ya ishirini alikuta mjomba wa kijana amefika kutoka mbali. Usiku uliotangulia bibi alianguka akienda kuchota maji, na magoti yakakataa kabisa kumwinua. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache na nia njema. Anawachukua wote wawili, alisema, damu ni damu. Nyumba ina watoto saba. Mkewe ametuma salamu kwamba kijana akaribie sana, ila ieleweke kuwa yeye asubuhi hana nafasi.

Bibi alikuwa amelala ubavu, akimtazama Kamanda akipanga viatu vya mjomba.

"Huko atafungiwa vifungo na nani, mwanangu?" aliuliza.

Mama Vifungo alisema atashughulikia. Aliomba ruhusa ya siku moja, ya pili tangu aajiriwe, akaenda madukani. Aliporudi alilipakia mwenyewe begi la kijana. Asubuhi ya kuondoka alimshika kiwiko kwa mara ya mwisho, na safari hii hakupunguza kitu. Alikishika kwa kiganja kizima, kama alivyokishika kijana alipokuwa na miaka tisa, na Kamanda akafunga vifungo vyote sita. Kisha akaingia kwenye gari la mjomba, akaketi nyuma karibu na bibi, akaangalia mbele. Hakupunga mkono. Hilo hawakuwa wamelifikia.

Taarifa ya mwaka ya kitengo ilitoka wiki iliyofuata, ikabandikwa chini ya waraka, juu sana. Waliofikia kujitegemea ni kumi na mmoja, sawa na lengo, na Kamanda ni wa nne kwenye orodha. Kwenye begi lake mlikuwa na mswaki, taulo, viatu jozi mbili, na fulana tano za kuvaliwa kichwani, zisizo na kifungo hata kimoja.